Mpira wa Mkojo Uliokaa Miezi Minne

Vijana wangu,

Nisameheni mwandiko kabla hamjaanza kusoma. Mkono wangu ulizoea fagio na beseni kuliko kalamu, na shule niliishia darasa la saba. Mahali nilipokosea herufi, soma kwa sauti, utajua nilitaka kusema nini. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Mke wangu akipita huuliza kama naandika wosia.

Nimesikia mnaanza kazi ya kutembelea wagonjwa majumbani, huku kwetu Nyamarambe na upande wa Ogembo, na kwamba mngependa kusikia kutoka kwetu tulioacha kazi. Ningekuja kuwaambia kwa mdomo, lakini mimi mbele ya watu zaidi ya watatu maneno hunikimbia. Niko hivyo tangu ujana. Aibu yangu hiyo karibu imuue mtu, ndiyo sababu naandika.

Nilikuwa msaidizi wa wodi katika kituo kidogo cha afya chenye vitanda sita. Sikuwa daktari wala nesi. Niliosha vyombo, nikamwaga mikojo, nikageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza, na kuandika katika rejista nani amekuja na amefanyiwa nini. Watu husema hiyo ni kazi ya wasiosoma. Ni kweli. Lakini anayeosha beseni huona mambo ambayo mwenye kalamu mfukoni hayaoni.

Aliyenifundisha ni Sista Kwamboka, nesi mkuu wa wakati huo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Wiki yangu ya kwanza alinipa koleo za kushikia pamba za vidonda, akasema nizisafishe. Nikazitumbukiza kwenye maji ya klorini. Nikaongeza klorini nyingine ili aone bidii yangu. Aliporudi alivuta koleo moja, akapitisha kidole chenye glavu kati ya meno yake.

"Njoo uguse."

Nikagusa. Palikuwa na utelezi kama kamasi.

"Hii ni nini?"

"Ni dawa, Sista."

"Dawa! Umemwogesha mtu na koti lake, halafu unaniambia ameoga. Lete brashi na sabuni. Sugua kwanza, dawa baadaye."

Nikasugua hadi mchana. Nilidhani ananionea kwa sababu mimi ni mgeni. Ilinichukua miaka kujua kwamba siku ile nilipewa nusu ya kazi yote.

Mliokulia na jerikeni za maji mnaijua habari hii bila daktari. Jerikeni ikikaa, ndani hushika utando unaoteleza. Ukimimina klorini, maji yananuka dawa siku mbili, ukiingiza kidole utando bado upo. Nyanya zetu walitia mchanga na vijiwe, maji kidogo, wakatikisa mpaka mabega yakauma. Nimemwona mtu akimaliza chupa tatu za klorini kwa jerikeni moja, na mto uko pale chini umejaa mchanga wa bure.

Sasa niwaambie juu ya Mzee Omwenga.

Mzee alikuwa mjane, mkulima wa ndizi na chai, nyumbani kwake si mbali na kituo chetu. Tezi dume ilimfunga mkojo, wakampeleka hospitali mjini Kisii, akawekewa mpira wa mkojo, yaani bomba laini linaloingia kwenye kibofu na kuteremsha mkojo kwenye mfuko. Aliambiwa angoje zamu ya upasuaji, na wakati wa kungoja aje kwetu kila mwezi abadilishiwe mpira. Mpira wake ulikuwa wa ile aina ya manjano, ambayo haifai kukaa sana.

Hapa lazima nieleze jambo. Kati yenu wapo waliozaliwa mjini, wapo pia wa familia za Kiislamu za pale Kisii ambao babu zao walitoka mbali. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima ya aibu kati ya mzazi na mtoto. Mwana haingii chumba cha kulala cha baba yake. Mke wa mwana hamsogelei baba mkwe, na kwa hesabu yetu, mke wa mwana wa ndugu yako naye ni mkaza mwana wako, haimhusu habari ya mwili wako. Lakini babu na mjukuu wako huru kabisa. Wanataniana, wanatukanana, wanaoshana. Mimi kwa hesabu ya ukoo ni mjukuu wa Mzee Omwenga, ingawa alinizidi miaka michache tu na nilikuwa na upara mkubwa kuliko wake.

Mara ya kwanza mpira ulibadilishwa na nesi mwanamume, bila shida. Kisha nesi yule akahamishwa. Aliyeletwa badala yake alikuwa mama mwema, mwenye mkono mwepesi, na alikuwa ameolewa na mwana wa ndugu yake Mzee Omwenga.

Mwezi uliofuata Mzee alikuja, amevaa koti na kofia. Akanipa kadi yake. Akaketi kwenye benchi. Nesi alipochungulia na kumwona, ghafla akakumbuka kazi kwenye chumba cha chanjo. Mzee naye alipomwona nesi, akainuka polepole kama mtu anayeenda kutema mate, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mimi nilipoinua kichwa benchi lilikuwa tupu. Nikasema moyoni, amekwisha hudumiwa. Nikaweka alama katika rejista: mpira umebadilishwa.

Mwezi wa pili ikawa hivyo hivyo. Mwezi wa tatu pia. Mara tatu nilipokea kadi, mara tatu nikaweka alama. Je, sikushuku? Nilishuku kidogo. Ile mara ya pili alitoka upesi mno. Lakini kumuuliza mtu mzima, watu wamejaa kwenye benchi, "Mzee, umebadilishwa ule mpira?" kulinishinda. Pale kituoni mimi ndiye peke yangu niliyekuwa na ruhusa ya mila kumuuliza, na mimi ndiye niliyeona haya.

Homa ilianza mwezi wa tatu. Anatetemeka, mkojo umekuwa mzito kama maji ya kuosha mchele. Mwanawe, Nyabuto, alimleta. Daktari wetu wakati huo alikuwa binti mdogo kutoka Sironga, mpole, aliyeniita Baba.

"Baba, huyu mzee mpira wake unabadilishwa?"

Nikafungua rejista. "Kila mwezi, daktari."

Akaamini. Angefanya nini? Akaandika antibiotiki za siku saba. Akaniagiza nichukue mkojo upelekwe maabara, nami nikauchota kwenye mfuko, kwa sababu ndiko ulikokuwa karibu. Majibu yalipokuja yalisema vijidudu vimeonekana na dawa ile ile inaviua. Tukafurahi. Mzee akapata nafuu, akala, akamgombeza mtu aliyeiba mkungu wake wa ndizi. Baada ya siku kumi homa ikarudi.

Nyabuto sasa hakuja kwetu. Alienda Ogembo, kwa Mama Zuhura mwenye duka la dawa, akanunua dawa zile zile. Nafuu. Homa. Akanunua tena. Nafuu ikawa fupi zaidi. Aliporudi mara nyingine, Mama Zuhura alikataa kumuuzia. Nyabuto mwenyewe alinisimulia, amesimama mbele ya meza yangu, jasho linamtoka.

"Ameniambia, 'Mwanangu, dawa inayomsaidia mtu haimrudishi dukani kila wiki. Nenda kawaulize kuna kitu gani mwilini mwa baba yako ambacho si chake.' Mimi sijui maana yake. Nikamwambia hana kitu. Akaniambia, 'Kaulize.' Basi nauliza."

Mimi nilijua maana yake hata kabla hajamaliza. Nilifungua rejista nikaziona alama zangu tatu, zimenyooka vizuri.

"Nyumbani anasemaje juu ya mpira?" nikamuuliza.

Nyabuto akatazama mlango. "Mimi nitamuulizaje baba yangu jambo kama hilo? Tarehe ikifika anavaa koti anatoka. Najua anakuja kwenu."

Nilikwenda kwa daktari nikamwambia alama zile niliziweka bila kuona kwa macho. Nilisema nikiangalia viatu vyake. Akasema, "Nenda ukaone kwa macho sasa. Na akiwa hajabadilishwa, mlete leo, si kesho." Nilipofika mlangoni nikarudi kumuuliza ukoo wa baba yake, na wa mama yake, na nyanya yake aliolewa kutoka wapi. Alifikiri nimechanganyikiwa, lakini alijibu yote.

Nilifika kwa Mzee asubuhi ile ile. Nyabuto alibaki uani.

"Bwakire, sokoro." Ndivyo tunavyomwamkia babu.

"Nani anagonga kama askari?"

"Mjukuu wako."

"Mjukuu gani mwenye upara?"

"Yule anayengoja ufe amrithi bibi."

"Bibi alikwisha kufa. Umechelewa kama kawaida yako. Ingia."

Sauti ilikuwa ya utani, lakini nilipoingia niliogopa. Midomo imekauka, blanketi mbili na bado anatetemeka. Nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Sokoro, ule mpira ulibadilishwa lini?"

"Kwani si wewe unayeandika?"

"Niliandika."

"Basi kasome."

"Niliandika uongo."

Akafumba macho. "Basi tuko waongo wawili," akasema. Halafu, "Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nimtazame mke wa mtoto wetu amevaa glavu ananingoja? Afadhali mkojo uniue."

"Ndicho unachofanya sasa."

"Hivyo ndivyo unavyomwambia mgonjwa?"

"Ndivyo ninavyomwambia babu yangu."

Nikafunua blanketi. Mpira ulikuwa umegeuka rangi, umekuwa mgumu, na pale unapotokea umezungukwa na ukoko mweupe. Mfuko alikuwa ameuning'iniza juu ya kitanda, kwenye msumari wa kofia, ili wageni wasiuone chini. Nauandika huu msumari kwa sababu mtaukuta nyumba nyingi: mfuko lazima uwe chini ya kiuno cha mgonjwa, na usiguse sakafu. Ukiwa juu, mkojo mchafu unarudi ulikotoka.

"Twende kituoni," nikasema.

"Nani atanishika?"

"Daktari. Ni mtu wa Sironga."

"Ni wa nani?"

"Hatumjui. Hatukuoa kwao, hawakuoa kwetu."

"Una hakika?"

"Nimemuuliza mpaka nyanya yake."

Akacheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikawa mtetemo. Niliwaita vijana wawili wa jirani walio wa kizazi cha wajukuu, tukambeba na blanketi lake. Nyabuto alikuwa amesimama kando ya zizi, uso umegeukia migomba. Tulipopita alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akatukabidhi shuka safi. Jirani aliyekuwa akipakia ndizi kwenye pikapu aliishusha mikungu yote chini, akatupeleka.

Mpira haukutaka kutoka. Daktari alifanya polepole, akiongea na Mzee habari za bei ya chai, na Mzee akijibu kwa meno yaliyokazwa. Ulipotoka, akaweka mpya, na mkojo wa kwanza wa ule mpira mpya ndio aliochukua kwa maabara. Kisha Mzee akatundikiwa maji na kudungwa sindano. Daktari akaniita kwenye chumba cha vyombo, akapasua ule mpira wa zamani kwa urefu kwa wembe.

Ndani palikuwa pamepakwa ute wa kijivu, na chembe nyeupe kama chokaa. Njia ya mkojo ilibaki nyembamba kama kijiti cha kiberiti. Nilipitisha kidole chenye glavu. Ulikuwa utelezi wa zile koleo za Sista Kwamboka.

"Lakini maabara walisema dawa inaviua," nikamwambia.

"Walisema kweli, Baba. Wewe uliwapelekea vijidudu vinavyoelea kwenye mkojo. Hivyo dawa inavipata, ndiyo maana mzee alikuwa anapona siku chache. Hivi hapa ni vingine. Vimeshika mpira, vikajijengea utando, vikakaa ndani yake pamoja. Dawa inafika juu, ndani inafika kidogo. Na vile vya chini kabisa vimelala. Havili, havizaani. Dawa nyingi zinaua kijidudu kikiwa kazini. Kilicholala zinakipita tu. Dawa zikiisha, vinaamka, vinashuka kwenye mkojo tena."

"Kwa hivyo vimekuwa sugu?"

"Hapo ndipo watu wanakosea. Kilicho sugu, dawa haikiui hata ukikitoa peke yake. Hivi ukivitoa kwenye utando, dawa ile ile inaviua. Vinavumilia kwa sababu ya mahali vilipo. Lakini tukiendelea kuvimwagia dawa mara kwa mara bila kuutoa mpira, siku moja tutapata vilivyo sugu kweli, na hapo hata sindano hii haitatusaidia."

Nimewaandikia maneno yake jinsi ninavyoyakumbuka. Yeye alitumia na majina marefu ambayo siwezi kuyaandika. La kushika ni hili: ukiona mgonjwa anapata nafuu na kurudi, nafuu na kurudi, kwa dawa ambayo maabara wanasema ni sawa, usikimbilie kubadilisha dawa. Tafuta kwanza kitu ambacho vijidudu vimeshikilia. Inaweza kuwa mpira wa mkojo. Inaweza kuwa uchafu uliokufa ndani ya kidonda cha mguu, au chuma walichofungia mfupa. Wewe si kazi yako kukitoa. Kazi yako ni kukiona na kumwambia anayeweza.

Usiku wa kwanza Mzee alikuwa haeleweki, anamwita marehemu mke wake. Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya nne alilalamika kwamba uji wetu ni wa kulishia ndama, nikajua amepona. Siku kumi zikapita, zile siku kumi nilizokuwa nazihesabu, na homa haikurudi.

Ilibaki deni la maneno. Nilimpeleka Nyabuto nyuma ya jiko la kituo nikamwambia habari ya zile alama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, yakatoka yamevunjika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo nilikuwa nampa baba dawa, na wewe uliandika mpira mpya?"

"Ndiyo."

"Angekufa, ningesema dawa za Ogembo ni bandia. Ningemlaumu yule mama."

"Ndiyo."

Nilidhani atanipiga. Ana mikono mikubwa. Lakini aliketi juu ya debe akasugua uso. "Wewe ulikuwa na ruhusa ya kuuliza ukanyamaza," akasema. "Mimi sina ruhusa, na ni baba yangu. Sasa niambie, wewe ukistaafu nani atauliza?"

Tulikaa pale hadi moshi wa jikoni ukatutoa machozi. Mwishowe yeye ndiye aliyesema, polepole, kama anayejaribu daraja kwa mguu mmoja, kwamba chinsoni inakataza kuona na kutaja. Haikatazi kujua tarehe.

Daktari aliirekebisha rejista mbele yangu, akapiga mstari kwenye alama zangu tatu, akaandika ukweli pembeni, nami nikatia sahihi. Nesi yule, mke wa mwana wa ndugu, alipoelezwa alilia. Akasema naye alijua mzee anatoka mlango wa nyuma, lakini angemtuma nani kumrudisha? Tukapanga kwamba siku ya Mzee Omwenga daktari ndiye atakuwa kwenye chumba kile, na nesi atakuwa kwenye chanjo, safari hii kwa ratiba.

Mwezi ulipofika nilikwenda kwa Mzee mapema kumkumbusha. Nikakuta nimetanguliwa. Nyabuto alikuwa amesimama nje ya dirisha la chumba cha baba yake, mgongo ukiwa ukutani, macho kwenye barabara. Akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari:

"Tata, leo ni ile siku."

Kuku wakapita. Nyabuto hakuondoka.

"Umeambiwa na nani?" sauti ikatoka.

"Kalenda."

Nilirudi nyuma ya mgomba nisionekane.

"Basi nitafutie viatu," Mzee akasema. "Na umwambie yule mwenye upara anayejificha kwenye ndizi zangu kwamba tunaenda naye."

Vijana wangu, mnapoingia nyumba za watu mtakuta mambo ambayo kila mmoja anayajua nusu yake na hakuna anayeweza kuyataja. Sijui njia zote za kuyauliza. Mimi nilijifunza moja, tena kwa kuchelewa. Kwa hivyo nawaomba mniandikie. Mniambie katika nyumba mlizoingia ni nani aliyeweza kumuuliza nani, na alisimama wapi alipouliza. Andikeni hata kama herufi zinapinda. Nitasoma polepole na nitajibu polepole zaidi, lakini kila barua nitaijibu.